Inchi ya Kwanza

Futikamba hii haina mwanzo.
Inchi ya kwanza ililika zamani, kabla haijavuka bahari,
kabla haijashuka kwenye treni stesheni ya Luanda
mkobani mwa mwanamke mweusi mwenye kofia ya kijivu
ambaye wapagazi walimsalimia kwa Kinyore
naye akawajibu kwa pua ya Marekani.

Bi Arzelia Tutt. Sisi tulimwita Aliselia,
akaitika hivyo miaka minne.

Misheni walimpa chumba nyuma ya ghala la saruji.
Mezani kwao palikuwa na viti sita, walaji watano.
Yeye alikula kwetu. Mrenda ulimvutika hadi kidevuni
akacheka, akasema kwao bamia huteleza vivi hivi,
na kwamba hakutarajia kuikuta nyanya yake
ndani ya chungu cha Bunyore.

Barua ya mkaguzi ilisema: wasichana washone,
wapige pasi, waimbe. Hesabu itawachosha.
Aliisoma kwa sauti, akaikunja kati mara nne,
akatuuliza kila mraba ni sehemu gani ya barua.
Moja ya kumi na sita, akasema Rispa Apondi,
nasi tukaanza kuchoka.

Robo yadi. Theluthi. Nusu ya theluthi.
Pindo la sketi lilijaa sehemu kama njugu kwenye ganda.
"Anzieni kwenye moja," alisema, "kisha mtoe moja.
Kilicholika nacho kihesabiwe."

Siku ya mvua ya mawe, bati likipiga kelele,
alitusogelea akatueleza juu ya nyanya huyo,
pamba aliyoichuma, magunia yaliyopimwa jioni,
na kidole gumba cha mpimaji
kikiinua sinia la mizani, kidogo tu,
kama mtu anayepapasa shavu la mtoto.
Hakusema tufanye nini.

Jumamosi tulikaa chini karibu na mnunuzi wa simsim
na vitambaa vyetu magotini. Mama zetu wakamimina.
Sisi tulikuwa tumeshapima nyumbani.
Kila ratili iliyopotea, mshono mmoja mwekundu.
Watu walipita wakisifu: tazama mabinti wa misheni, wana adabu!
Majuma saba. Uzi mwekundu ukaisha,
tukamalizia na wa buluu.

Kitambaa kikaenda Kisumu kwa Bwana Disii.
Chini yake majina arobaini na mawili, yameshonwa,
na si alama moja ya kidole gumba.

Mizani ilibadilishwa. Hilo niliseme kwanza.
Kisha kibali cha Aliselia kikakataliwa.
Liguru alimtoza baba yangu mbuzi kwa sababu ya sindano yangu,
mbuzi mwenye mimba, ambaye mama alimtaja hadi kufa kwake.
Persila Otwane aliozwa kabla ya mavuno.
Darasani tulihesabiana, tukatoa mmoja,
na hakuna aliyecheka.

Stesheni hakuhutubu. Alinitupia futikamba dirishani,
akauliza, "Ishirini na saba, theluthi yake?"
Behewa likasogea.
Tisa. Niliuambia moshi.

Zilikuja barua mbili. Katika ya pili
anauliza kama Persila anashona bado.
Sikujua nijibu nini, nikachelewa,
na kuchelewa kukawa ndiko jibu.

Leo mjukuu wangu anakwenda kidato cha kwanza.
Kitambaa cha kijani kimetandikwa kitandani,
naye hatulii, anataka kuonyesha sare hata kabla haijawa.
Nimepiga magoti yasiyopenda kupigwa.
Kutoka kiunoni hadi chini ya goti: ishirini na sita.
Nimeanzia kwenye moja, kama nilivyofunzwa.

Toa moja, Aliselia ananong'ona.

Nimeshika mkasi.
Siitoi, Mwalimu.
Huyu bado anarefuka.